Mkufu Uliobaki Nyumbani

Tangu siku Scholastika alipopata hati ya kusafiria, kila mtu pale Kilakala, Morogoro, akawa mtaalamu wa Kenya. Watu ambao safari yao ndefu kabisa ilikuwa kwenda Dakawa kununua mchele walimweleza namna ya kuvuka Namanga, jinsi ya kukumbatia pochi akifika Nairobi, na kwa nini asipokee soda ya mtu asiyemjua. Yeye aliwasikiliza wote kwa adabu. Alikuwa anakwenda Nakuru kumwoza binti yake Winfrida kwa Stephano, dereva wa malori aliyekuwa akipita Morogoro na mizigo ya Zambia, mpaka siku moja lori lake likaharibika kwa muda mrefu kuliko kawaida ya malori.

Katika ushauri wote huo, swali lilikuwa moja tu: mkufu auvae, au auache?

Mkufu wenyewe ulikuwa wa dhahabu, mzito, mrefu wa kuzunguka shingo mara mbili. Bibi yake Scholastika aliuagiza kwa sonara enzi za mkoloni, kwa fedha ya kahawa ya mlimani, na tangu hapo ukawa mali ya ukoo. Kwa Waluguru mali ya namna hiyo hufuata tumbo. Humtoka mama ikaenda kwa binti, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba wa nyumba anaruhusiwa kuisifia tu.

"Uache," alisema Castory, mumewe, kwa sauti ya mtu mwenye huruma nyingi. "Nairobi wanang'oa hereni pamoja na sikio. Sitaki mke wangu arudi na bandeji."

Castory alikuwa Mngoni wa Songea aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwandani. Siku hizo za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, viwanda vilikuwa vinatafutiwa wenyewe wapya, na kila mwenyewe mpya aliyekuja kuchungulia alikuta watu wamezidi. Castory akawa mmoja wa waliozidi. Fedha aliyoagwa nayo aliiweka kwenye banda la kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Kuku walitaga vizuri tu, lakini vijana wa mtaani walianza kumwita Mzee Kuku, na mtu aliyewahi kuwa msimamizi wa zamu hawezi kulimeza jina kama hilo.

Alois, kaka mkubwa wa Scholastika, alikuwa ameshuka asubuhi hiyo kutoka mlimani na matenga yake ya kabichi, na sasa alikuwa kwenye kochi akinywa chai. Yeye ndiye mjomba wa Winfrida, na ndiye atakayemsindikiza dada yake Nakuru, Castory akibaki kulinda nyumba na kuku. "Mama wa bibi harusi asimame shingo tupu mbele ya wakwe?" aliuliza. "Watasema tumekwenda kuomba kibarua. Shemeji, dhahabu imetengenezwa ivaliwe."

"Kabla ya Nakuru kuna njia, shemeji. Wewe unaangalia harusi, mimi naangalia njia."

"Lini umeanza kuangalia njia? Hata sokoni hujui kwenda."

Scholastika alimwongezea kaka yake chai. Winfrida, aliyekuwa ametangulia Nakuru, alikuwa ameshatuma salamu kupitia dereva mwenzake Stephano kwamba mama mkwe amesimuliwa habari za mkufu na anausubiri kwa hamu. Asipouvaa, mwanawe ataanza ndoa akiitwa mwongo. Akiuvaa ukanyakuliwa, yeye Scholastika ndiye atakayekumbukwa katika ukoo kama mwanamke aliyeupoteza, na Winfrida hatakuwa na cha kurithi. Mambo yote mawili yalimnyima usingizi sawasawa.

*

Aliyemsaidia kuamua alikuwa jirani yake, Veronika, ingawa si kwa namna aliyokusudia. Veronika alikuwa akileta mitumba na mablanketi kutoka Nairobi, na kwa hiyo ndiye mshauri pekee aliyekuwa na haki ya kushauri.

"Mimi nikipanda basi navua hata pini ya nguo," alisema, akiwa anapanga sketi za mtumba kwenye kamba uani kwake. "Ukiuvaa shingoni hufiki nao, sikufichi. Ila, Mama Winfrida, kabla hujauacha nyumbani, ngoja nikuulize. Thobias unamjua?"

"Thobias wa banda la video?"

"Huyo. Anatangaza kwamba ataleta televisheni ya pili, kubwa. Amepata mbia. Anasema mbia wake anangoja mkewe asafiri tu."

"Mbia gani huyo?"

Veronika alikunja sketi ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Anasema ni mzee mmoja mwenye kuku."

Scholastika alicheka, kwa sababu ilichekesha. Kisha akakaa kwenye furushi la mablanketi, kwa sababu iliuma. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemwona Castory akiwa mbishi, akiwa mvivu wa kuchota maji, akiwa na majivuno yasiyo na msingi, lakini hakuwahi kumwona akiwa mwizi. Na hata sasa hakuwa na hakika. Thobias ni mtu wa kusema mengi, na mtu mwenye kuku Kilakala hakuwa mmoja.

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe akipima ukuta kwa kamba. Castory alisema anataka kununua kabati.

*

Siku moja kabla ya safari, Scholastika alitangaza uamuzi wake mbele ya watu. Alois alikuwepo, Veronika alikuwepo, na alikuwepo pia Bibi Semeni, aliyeteremka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi na vijiti vya mdalasini vya kupikia pilau la kuagana. Bibi Semeni ndiye aliyekuwa kungwi wa Scholastika zamani alipokuwa mwali, na mpaka leo alimwita mwali, ingawa mwali mwenyewe alikuwa ameanza kuvaa miwani.

"Nimefuata ushauri wa mume wangu," Scholastika alisema. "Mkufu unabaki."

Castory alijitahidi asitabasamu haraka. Alois yeye alinuna waziwazi. "Basi tukabidhiane," akasema. "Mali ya ukoo haiachwi hivihivi kama ufagio. Shemeji aione, aipokee, na tukirudi atukabidhi mbele ya hawahawa."

Mkufu ukatolewa, kila mtu akauona na kuushika. Ukatiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo likafungwa kwa kipande cha kitenge, na Castory akalipokea kwa mikono miwili. Akaona ni busara alifiche yeye mwenyewe. Akaenda kulifukia chini ya kiota cha kuku wa pembeni kabisa, akarudi akijipangusa manyoya.

"Hapo hata shetani hafiki," akasema.

Shetani labda. Lakini katika nyumba ile kuku walikuwa wa Castory na kuokota mayai ilikuwa kazi ya mkewe, na hilo ndilo jambo ambalo msimamizi wa zamu hakulikumbuka. Wanaume walipokaa kula pilau, Scholastika alichukua kikapu akaenda bandani, akarudi na mayai na kopo, akaingia bafuni na Bibi Semeni. Bafu lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba, na mlango wake ulikuwa gunia.

Bibi Semeni alitoa kiunoni mwake fungu la shanga, nyekundu na nyeupe, akaanza kuuzungusha mkufu pamoja nazo, pindo kwa pindo, mpaka dhahabu ikawa shanga katikati ya shanga. Kisha akamfunga mwali wake kiunoni, kama alivyomfunga siku ile ya kumtoa nje.

"Nani atapekua hapa?" akasema. "Na mwanamume akifika hapa, mkufu siyo anaoutafuta. Huyo ana kesi nyingine."

"Bibi, usinichekeshe, watasikia."

"Sasa sikiliza. Fundo nimelifunga mimi na nitalifungua mimi. Unajua sheria yangu. Shanga ninazofunga mimi hazikatwi ila siku mume anapokufa. Ukizikata huko kwa sababu ya fahari, umejitangazia ujane kwenye harusi ya mwanao."

Scholastika alijibu kwamba kwa hali aliyokuwa nayo wiki hiyo, ujane haukumtisha sana. Wakacheka wote wawili, khanga midomoni.

Lilibaki kopo. Scholastika alichota mahindi ya kuku kutoka kwenye gunia, akayapima mkononi, akapunguza kidogo, akayamimina ndani na kulifunga tena kwa kitenge kilekile.

"Nikirudi nikayakuta mahindi haya," alisema, "nitajua nina mume."

"Na usipoyakuta?"

"Twende, bibi, pilau linapoa."

*

Namanga, afisa wa kike alimpapasa Scholastika kama alivyowapapasa wanawake wote. Mikono yake ilipofika kiunoni ilisimama, ikabonyeza kidogo, na kiuno kikalia. Afisa alimtazama machoni. Scholastika alitazama bendera.

"Shanga hizo, mama?" aliuliza afisa.

"Ndiyo, mwanangu."

"Nyingi."

"Baba yao anapenda."

Afisa alitabasamu kwa namna ya mtu mwenye zake nyumbani, akamwambia apite. Alois, aliyekuwa nyuma kwenye foleni ya wanaume, aliuliza kimechekesha nini.

Nairobi walibadili basi, na hapo unabii wa Castory ulitimia, ila kwa mtu mwingine. Alois alikuwa akimwonyesha dada yake mchuuzi mmoja wa nguo mbele yao, aliyevaa suti tatu kwa mpigo akiziuza, alipohisi mkono wake umekuwa mwepesi. Saa ilikuwa imekwenda. Alois alisimama akiwa ameshika kifundo cha mkono kama mtu anayejipima homa. Saa hiyo ilikuwa imesimama tangu vita vya Kagera, naye alikuwa akiivaa kwa ajili ya heshima tu.

"Sasa umeona kwa nini tumeuacha mkufu," alisema baadaye ndani ya basi, akijifariji.

"Nimeona, kaka," alisema Scholastika, na kila basi lilipopita shimo, kiuno chake kilijibu.

*

Mama Stephano alikuwa mwanamke mrefu mwenye nyumba ya mawe na ng'ombe wa maziwa. Aliwapokea wageni kwa uji, kisha chai, kisha macho. Macho yake yalianzia kwenye viatu vya Scholastika, yakapanda taratibu, na yalipofika shingoni yakakaa. Shingoni mwa Mama Stephano mwenyewe palikuwa na mkufu mnene uliong'aa mpaka kwenye kidevu. Scholastika alikuwa na rozari.

"Karibu, mama," alisema Mama Stephano. "Winfrida ametuambia mengi juu yako. Mengine bado tunayangoja."

Wanawake waliokaa kwenye viti walitazamana. Mmoja akakohoa. Winfrida, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliinamisha uso, na Scholastika aliiona aibu ya mwanawe ikipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Upande wa wanaume Alois alikuwa ameshaulizwa, maana sauti yake ilisikika wazi kupitia dirishani: "Mkufu uko benki, wazee wangu. Dhahabu nzito vile huwezi kutembea nayo." Alisema neno benki kwa uzito sana, na hakuna aliyewaza kwamba benki hiyo ilikuwa ikitaga.

Winfrida alimvuta mama yake chumbani. "Mama, mkufu uko wapi? Wananicheka tangu asubuhi."

"Upo."

"Upo wapi? Mjomba anasema benki. Sisi tuna benki gani?"

"Mwite mama mkwe wako. Na hao shangazi. Funga mlango."

Walipoingia wote, Scholastika aliwasalimia upya kwa adabu, akaomba radhi kwa atakalofanya, kisha akapandisha gauni. Dhahabu ilitoka na kujificha kati ya mizunguko minne ya shanga nyekundu na nyeupe, kutoka nyonga hadi nyonga.

"Siwezi kuifungua," alisema. "Aliyenifunga yuko Morogoro. Lakini anayetaka kushika, ashike. Msiseme mwanangu ni mwongo."

Mama Stephano alisogea, akavaa miwani, akainama. Alishika pindo moja la mkufu, akalipima kidoleni, akaliachia kwa heshima. Halafu akakaa kitandani na kuanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega, mpaka shangazi wa kwanza akadaka, na wa pili.

"Ulikuwa unaogopa wezi wa Nairobi?" aliuliza huku akijifuta macho.

Scholastika alifikiri kidogo. Alikuwa ugenini, na mambo ya mume wa mtu hayasemwi ugenini. "Hao pia," akajibu.

Mama Stephano aliacha kucheka. Akavua mkufu wake unaong'aa na kuutupa kitandani. Ulitua mwepesi, bila kishindo. "Huu wa soko," alisema. "Wangu wa kweli uko ndani ya pipa la unga wa ng'ombe, na mzee wa nyumba hii anajua uliuzwa wakati wa ukame."

Kesho yake kwenye harusi mama wa bibi harusi alicheza shingo tupu, na kila alipozungusha kiuno, mama wa bwana harusi alimtunza noti. Wanaume walidhani ni mila ya Tanzania.

*

Jumamosi hiyohiyo ya harusi, Thobias alifika Kilakala saa za asubuhi, amevaa miwani ya jua. Castory alimpeleka bandani kwa siri kubwa, akamsukuma kuku wa pembeni, akafukua kopo, akafungua kitenge.

Thobias alivua miwani ili aone vizuri. "Mzee, hii ndiyo hisa yako?"

Castory aliyamwaga mahindi kwenye kiganja, akayageuzageuza kana kwamba mkufu ungekuwa umelala chini ya punje. Kuku wa pembeni akaona mkono wenye mahindi, akaja akala.

Thobias aliondoka akicheka, na kufika jioni alishapata mbia mwingine. Castory alibaki amekaa bandani juu ya debe, akipiga hesabu ya aina mpya. Kama aliyeuchukua ni mkewe, basi sasa hivi anacheka. Kama si yeye, basi mwizi ameingia, na Castory atasimama mbele ya Alois na ukoo mzima akiwa Mngoni aliyepoteza dhahabu ya Waluguru. Njia ya kujua ilikuwa kumwuliza Scholastika, na kumwuliza ni kukiri kwamba kopo limefunguliwa. Alilizungusha jambo hilo pande zote, na kila upande lilikuwa na miba.

Jumatatu alikwenda kwa sonara. Alimweleza urefu wa mkufu, unene wa pete zake, pete moja iliyowahi kukatika na kuungwa, hata namna ulivyolala ukiwekwa mezani. Hakuna mtu aliyewahi kuupenda mkufu ule kwa macho kama yeye. Alitaka wa shaba, uchovywe dhahabu, na alitaka haraka.

"Wa kuvaa au wa kuonyesha?" aliuliza sonara.

"Wa siku ya kufungua kopo."

Sonara alitaja bei ya mtu mwenye haraka. Castory alirudi nyumbani akasimama mbele ya banda kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwenye baa, aliyekuja na matenga ya kubebea kuku.

*

Wasafiri walirudi na blanketi, sukari, na picha za harusi. Kabla hata maji ya kuoga hayajapata moto, Alois alitaka makabidhiano. Veronika akaitwa. Bibi Semeni alikuwa ameshafika tangu jana yake kwa ajili ya fundo lake. Castory alileta kopo kwa mikono miwili, kitenge kikiwa kimefungwa vizuri kuliko mwanzo.

Scholastika alilipokea. Njia nzima kutoka Nakuru alikuwa ameomba jambo moja. Aliomba akute mahindi. Hakuomba zaidi ya hapo. Alikuwa tayari kumcheka Thobias, kumsamehe Veronika kwa umbea, kuwapikia kuku chochote watakacho.

Alilitikisa kopo kidogo, karibu na sikio. Mahindi yana sauti yake, na haikuwa hiyo.

Alifungua. Mkufu ulilala humo ndani, unang'aa kuliko ulivyowahi kung'aa ukiwa wa kweli. Veronika akapumua kwa nguvu, Alois akasimama. "Shemeji," alisema, akimpa Castory mikono yote miwili, "nilikudhania vibaya. Nasema mbele ya watu. Nilikudhania vibaya sana."

"Si kitu, shemeji," alisema Castory, akitazama sakafu.

"Vaa, dada, tuuone."

Scholastika aliuvaa. Alipoinua mikono kufunga nyuma ya shingo, kiuno chake kililia kidogo, na Castory akainua kichwa. Walitazamana. Bibi Semeni akaanza kuhesabu ndizi ambazo hakuna aliyemwomba azihesabu.

"Mbona kimya huko nyuma?" aliuliza Scholastika. "Kuku wako wapi?"

"Wamekufa kwa kideri," alisema Castory. "Kiliingia ghafla."

"Wote?"

"Wote."

"Hata jogoo?"

"Ndiye aliyeanza."

Alois alimpa pole nyingi. Alisema ni mtu wa ajabu huyu, kuku wanamwisha lakini kopo la watu hakuligusa. Alilisema jambo hilo mara tatu kabla hajaondoka, na kila mara Castory alizidi kuwa mdogo kwenye kiti.

Watu walipotawanyika, Bibi Semeni alimwingiza mwali wake bafuni, akalifungua fundo. Scholastika alitoka na mkufu wa kweli mkononi. Castory alikuwa amekaa uani mbele ya banda tupu, mlango wa waya ukiwa wazi. Scholastika alikaa kando yake, akavua ule wa shingoni, akailaza mikufu yote miwili kwenye paja lake mwenyewe, mmoja mzito, mmoja mwepesi. Castory aliitazama, na hakuhitaji kuelezwa.

"Nilikuachia mahindi," alisema Scholastika.

"Niliyaona."

"Niliomba niyakute, Castory. Tangu Nakuru."

Castory alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, alikuwa ameyapanga wiki nzima, na sasa hakuna hata moja lililofaa. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, "Kuku waliyala."

Jumapili Scholastika alikwenda kanisani amevaa mkufu wa shaba, na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Waumini walimpa Castory mkono baada ya misa wakimsifia kwa uaminifu wake, maana Alois alikuwa amelieneza jambo hilo mlima mzima, naye ilimbidi asimame pale mlangoni aseme asante kwa kila mmoja. Kufika Kwaresima mkufu ulikuwa umeacha duara la kijani shingoni mwa mkewe, na hakukubali kuuvua.

Bandani sasa kuna vifaranga, amewanunua Scholastika kwa noti alizotunzwa Nakuru. Banda lina kufuli. Castory anawalisha asubuhi na jioni, akishaomba ufunguo, na ufunguo huo unatoka pale ambapo hata maafisa wa Namanga waliona haya kupekua.